Bahari ya Uarabuni: Viumbe Wanaoishi Bila ya Oksijeni

Ndugu msomaji, huenda ukauliza: yupo kiumbe anayeweza kuishi pasipo na oksijeni? Jawabu ni kuwa yupo. Katika Bahari ya Uarabuni, baina ya Oman na India, kuanzia kina cha kiasi cha mita 150 mpaka karibu 1,000, oksijeni ni haba mno. Samaki wengi hawakai humo, lakini bakteria wamejaa.

Badala ya oksijeni, bakteria hao hutumia naitreti, ambayo ni mbolea ya mimea midogo ya baharini. Huigeuza kuwa gesi ya naitrojeni, ambayo mimea mingi haiwezi kuitumia, na hatimaye gesi hiyo hurudi hewani. Wengine huunganisha amonia na naitraiti, matokeo yakawa ni yale yale.

Kazi hii ina mizani yake, na khatari ni sisi kuiharibu. Maji yakizidi joto hushika oksijeni kidogo. Na tukimimina maji machafu na mbolea za mashamba, mimea hiyo huzidi, hufa, na kuoza kwake humaliza oksijeni iliyobaki. Basi tusijidanganye kuwa bahari ni pana, haidhuriki.