Wanga wa Ugali wa Nyumbani

Mgonjwa wa kisukari hutoka kliniki akiwa ameambiwa apunguze wanga. Akifika nyumbani anakuta ugali umeshapakuliwa, na hapo ndipo swali linapokuwa gumu: kipande hiki kina wanga kiasi gani? Pakiti ya biskuti imeandikwa ubavuni. Sufuria haikuandikwa kitu.

Jibu lipo, wala halihitaji maabara. Linahitaji mizani ndogo ya jikoni, daftari na jedwali la viinilishe. Tanzania ina jedwali lake tangu mwaka 2008, kazi ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Kenya ilitoa lake jipya mwaka 2018 ikishirikiana na FAO. Majedwali haya yanafaa kuliko ya ng'ambo kwa sababu yamehesabu vyakula vinavyopikwa huku.

Kanuni kubwa ni moja: pima kabla ya kupika, kisha pima tena chakula kikiiva. Tuseme mpishi ametumia gramu 500 za unga wa mahindi. Kila gramu 100 za unga huo zina wanga wa takribani gramu 77, kwa hiyo sufuria nzima ina gramu 385. Ugali ukiiva, sufuria inawekwa kwenye mizani na uzito wake ikiwa tupu unatolewa. (Uzito huo upimwe mara moja tu na uandikwe ukutani.) Ikiwa ugali una gramu 1,600, kipande cha gramu 300 kina wanga wa gramu 72 hivi. Nyumba ya jirani wanapenda ugali laini: unga uleule, maji zaidi, ugali wa gramu 2,000. Kwao kipande cha uzito uleule kina gramu 58. Ndiyo maana mtu anayechukua hesabu ya ugali wa mwingine hujidanganya. Maji yameongezeka, unga haukuongezeka.

Kosa hilohilo hutokea kwenye maharage. Yakiwa makavu, gramu 100 zina protini ya takribani gramu 22. Yakichemshwa, gramu 100 zina kama 9. Protini haikupotea, maharage yamekunywa maji. Anayepima yaliyoiva huku akisoma mstari wa makavu atajiandikia zaidi ya mara mbili ya alichokula.

Kisha kuna mafuta, na hapa ndipo hesabu nyingi za nyumbani huharibika. Kijiko kimoja cha chakula kina kilokalori 120 hivi. Mapishi yanasema vijiko viwili, lakini mkono humimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Mpishi apime chupa kabla na baada ya kumimina. Tofauti ndiyo mafuta yaliyoingia chunguni. Wengi hushtuka. Vijiko vinne kwenye maharage makavu ya gramu 300 ni karibu theluthi ya nishati yote ya mboga hiyo.

Sinia ina ugumu wake. Familia ikila pamoja, mizani inaweza kusema sinia nzima ilikuwa na nini, lakini haiwezi kusema nani alikula tonge ngapi. Kwa mtu anayetakiwa kujua kiasi chake, chakula kipakuliwe kando na kupimwa, kisha akae na wenzake kama kawaida.

Jedwali linaeleza kilichomo kwenye chakula. Kinachofyonzwa na mwili ni jambo jingine. Madini chuma ya maharage hufyonzwa vizuri zaidi yakiliwa na kitu chenye vitamini C, kama maji ya ndimu yaliyokamuliwa mezani, na chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza ufyonzwaji huo. Mchicha uliochemshwa na maji yake yakamwagwa nao hauna tena vitamini C yote iliyoandikwa kwenye mstari wa mchicha mbichi.

Kazi hii si ya kila siku milele. Nyumba nyingi huzungusha mapishi machache, na yakishapimwa mara mbili tatu hesabu inabaki daftarini. Mwenye kisukari alichukue daftari hilo anaporudi kliniki, alifungue mbele ya daktari au mtaalamu wa lishe, na asibadilishe dozi ya dawa kabla hawajalisoma pamoja.