Wakazi wa Havana na haki ya kuutaja mtaa wao

Kuba ikitajwa hapa kwetu, wengi hukumbuka wale madaktari 100 waliowasili mwaka 2018 na kutawanywa katika hospitali za kaunti. Waliokula chumvi zaidi watamtaja Fidel Castro na majeshi aliyoyapeleka Angola. Ni nadra kumsikia mtu akiitaja kazi nyingine ya Wakuba ambayo, kwa maoni yangu, ina mafunzo mengi zaidi kwa mwalimu na mwanafunzi wa Kenya: kazi ya wakazi wa mitaa hafifu ya Havana, wakishirikiana na vikundi vidogo visivyotafuta faida, ya kuirekebisha mitaa yao kwa mikono yao wenyewe. Kazi hiyo haikuwa rahisi hata siku moja, na leo iko katika hatari kubwa kuliko wakati wowote tangu ilipoanza.

Mimi ni mtu wa isimu, kwa hivyo msomaji anisamehe nikianza na maneno kabla ya mawe na saruji. Mtaa kwa Kihispania ni ‘barrio’. Neno hilo liliingia katika lugha ile kutoka Kiarabu cha Andalusia, enzi ya utawala wa Waislamu nchini Uhispania, na maana yake ya awali ni kile kilicho nje, upande wa pili wa ukuta wa mji. Shina lake ndilo hilo hilo lililotuzalia sisi neno ‘bara’, ambalo Mswahili wa mwambao hulitumia kwa nchi iliyo nyuma ya mgongo wake. Barrio na bara ni mtu na binamuye, na yote mawili yalizaliwa kinywani mwa aliyesimama ndani ya mji akiwatazama walio nje.

Mtazamo huo haujafutika. Kabla ya mapinduzi ya 1959 Havana ilikuwa na mtaa mashuhuri wa mabanda ulioitwa Las Yaguas. ‘Yagua’ ni ile ala pana na ngumu iliyo mahali kuti linaposhikana na shina la mti fulani wa jamii ya mnazi. Maskini waliitandaza ikawa ukuta, wakaiezekea ikawa paa, na mtaa ukapewa jina la kuta zake. Mitaa iliyochipuka baadaye pembezoni mwa jiji iliitwa ‘llega y pon’, yaani fika uweke: ukifika na mbao zako na mabati yako, unaweka, unalala. Hayo ni majina ya watu wenyewe, na yana ucheshi na uchungu ndani yake. Majina ya ofisini ni mengine. Ofisi iliiita mitaa hiyo ‘insalubre’, yaani isiyo na afya. Wengine wakaiita ‘marginal’, yaani ya ukingoni. Na katika miaka ya karibuni neno linalotumika ni ‘vulnerable’, iliyo rahisi kudhurika. Msomaji atatambua kwamba kila neno limekwisha kuamua dawa kabla ya mgonjwa kuulizwa anaumwa wapi. Kisicho na afya hubomolewa. Kilicho ukingoni huvutwa hadi katikati. Kilicho rahisi kudhurika huhurumiwa.

Las Yaguas ilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wakazi wake wakahamishiwa katika mitaa mipya ambayo wao wenyewe walishiriki kuijenga. Nyumba zilikuwa bora zaidi bila shaka, kwani zilikuwa na kuta za matofali, maji na umeme. Hata hivyo, mwanaanthropolojia Douglas Butterworth, aliyefanya utafiti katika mmojawapo wa mitaa hiyo mwishoni mwa muongo huo, alikuta kwamba mazoea na matatizo mengi ya zamani yalikuwa yamehama pamoja na watu. Sara Gómez, mwanamke wa kwanza nchini humo kuongoza filamu ndefu, aliligusa suala hilo hilo katika ‘De cierta manera’, filamu iliyotolewa mwaka 1977 baada ya kifo chake. Banda huweza kuangushwa kwa siku moja, ilhali desturi za kuishi pamoja hazijui sururu.

Ndipo tunafika mwaka 1987, lilipoundwa kundi la wataalamu la kuishauri serikali ya jiji la Havana kuhusu maendeleo ya mji mkuu. Ndani yake walikuwamo wasanifu majengo kama Mario Coyula na Gina Rey, watu waliokuwa wamechoshwa na majengo ya zege yaliyofanana kama vibiriti, yaliyopandwa popote bila kumuuliza yeyote. Kundi hilo lilipendekeza jambo ambalo katika nchi yenye mipango ya kutoka juu lilikuwa karibu na ukaidi: kwamba katika kila mtaa ulioelemewa kuwe na ofisi ndogo yenye msanifu, mhandisi na wataalamu wa masuala ya jamii, na kwamba watu hao, kadiri iwezekanavyo, wawe wakazi wa mtaa wenyewe. Ofisi hizo ziliitwa Warsha za Mageuzi Kamili ya Mtaa. Za kwanza zilifunguliwa mwaka 1988 katika mitaa ya Cayo Hueso, Atarés na La Güinera. Hatimaye zikafikia takribani 20.

Ni vyema tueleze kazi yenyewe ilivyofanywa, maana hapa ndipo penye utamu. Warsha haikuanza na ramani. Ilianza na kikao. Wakazi waliulizwa wataje matatizo yao, kisha wayapange kwa uzito, kisha waseme ni yapi wanayoweza kuyatatua wenyewe na ni yapi ya kuipelekea serikali. Hapo ndipo wataalamu walipogundua kwamba orodha ya mkazi hailingani na orodha ya msanifu. Chukua mfano wa ‘barbacoa’. Nyumba za kale za katikati ya Havana zina dari za juu sana, na familia zilipoongezeka watu walijenga sakafu ya mbao katikati ya kimo cha chumba ili wapate mahali pa kulala. Kwa msanifu, hiyo ni hatari: inalemea kuta za zamani, inaziba hewa, na siku moja huporomoka na waliomo. Kwa mkazi, hiyo ndiyo inayowatenganisha wazazi na watoto usiku. Huwezi kuizungumzia barbacoa kwa haki bila kuzisikia sauti hizo mbili. (Neno lenyewe, nidokeze, ni la Wataino, wenyeji wa visiwa vile kabla ya Wahispania. Lilimaanisha jukwaa la miti lililoinuliwa kutoka chini, mithili ya uchaga wetu, na ndilo lililozaa neno la kuchoma nyama linalojulikana duniani kote.)

Katika La Güinera, kusini mwa jiji, kazi ilikwenda mbali zaidi. Huu ulikuwa mtaa wa mabanda yaliyojengwa bila kibali. Wakazi waliunda vikosi vya ujenzi, na idadi kubwa ya waliobeba zege na kupanga matofali walikuwa wanawake, baadhi yao wakiwa hawajawahi kuajiriwa popote. Walijifunza uashi wakiwa kazini, wakainua majengo ya ghorofa mahali palipokuwa na mabanda, na wakaamua pamoja nani atangulie kuingia. Mwaka 1995, Umoja wa Mataifa ulipotimiza miaka 50, La Güinera ilitajwa miongoni mwa jumuiya 50 za dunia zilizotuzwa kwa juhudi zao.

Tuzo hiyo ilikuja wakati ambapo saruji ilikuwa imeadimika kama theluji ya Lamu. Muungano wa Kisovieti ulikuwa umesambaratika mwaka 1991, na kati ya 1990 na 1993 uchumi wa Kuba ulipungua kwa takribani thuluthi moja. Vikwazo vya Marekani, vilivyokuwapo tangu miaka ya 1960, vilikazwa zaidi. Warsha zilizokuwa zikipanga nyumba zikajikuta zikipanga bustani za mboga katika viwanja vitupu, zikitafuta namna ya kutumia tena vifusi vya majengo yaliyoanguka, na kuwaweka vijana karibu na ngoma na michezo ili wasipotee. Wapo wanaosema kwamba huo ulikuwa mwisho wa kazi halisi. Sikubaliani nao. Ulikuwa mwisho wa vifaa, na palipokosekana vifaa ndipo ilipoonekana wazi ni mtaa upi uliokuwa umejifunza kukaa kikao.

Katika kipindi hicho ndipo mashirika yasiyo ya kiserikali yalipopata nafasi, kwa sababu fedha za wahisani wa Ulaya na Kanada zilihitaji mlango wa kuingilia. Lipo shirika moja ambalo walimu wangependezwa nalo: Kituo cha Ukumbusho cha Martin Luther King, kilichoanzishwa mwaka 1987 na mchungaji Raúl Suárez katika kanisa la Kibaptisti huko Marianao, karibu na mtaa wa kihistoria wa wafanyakazi uitwao Pogolotti. Kituo hicho kilijikita katika elimu ya umma kwa njia ya Mbrazili Paulo Freire. Mwezeshaji haingii mtaani na majibu. Huingia na swali, akawaacha watu wajibizane hadi tatizo lijitokeze kwa jina walilolipa wao. Yeyote aliyewahi kufundisha darasa la watu wazima anajua jinsi jambo hilo lilivyo gumu, na jinsi ulimi wa mwalimu unavyowasha kutoa jibu.

La pili ni Habitat-Cuba. Shirika hili lilianzisha katika miaka ya 1990 mpango wa wasanifu wa jamii, likifuata mbinu ya Rodolfo Livingston, Muajentina aliyewahi kufanya kazi Kuba katika miaka ya mwanzo ya mapinduzi. Msanifu aliketi na familia nzima, akamsikiliza kila mmoja, hata mtoto, akataka walalamike kwanza na kuota baadaye, kisha akarudi na michoro kadhaa ili wachague. Mpango ulienea nchi nzima na ukasifiwa nje. Mwaka 2001 serikali ililivunja shirika lenyewe, na mpango ukaendelea chini ya mkono wa dola.

Hapa hatuna budi kusema kweli hata kama inawachoma wapenzi wa Kuba. Sheria Nambari 54 ya mwaka 1985 iliweka masharti magumu kwa yeyote anayetaka kusajili chama, na iliruhusu ombi kukataliwa endapo kipo chama kingine chenye lengo kama hilo. Matokeo yake ni kwamba vikundi vingi vya mitaani vimeishi bila usajili, vikijiita ‘mradi’ tu, neno jepesi lisilokuwa na akaunti ya benki wala haki mahakamani. Mradi huvumiliwa leo, na kesho unaweza kuulizwa nani aliyekuruhusu.

Mmoja wa miradi hiyo ni Muraleando, katika mtaa wa Lawton. Jina lenyewe limeundwa kwa ‘mural’, picha ya ukutani, likaongezwa kiambishi ‘-ando’ ambacho hufanya kazi inayokaribia ile ya ‘-na-’ yetu: kitendo kinaendelea, hakijakoma. Mwaka 2001 wasanii wachache walianza kuwafundisha watoto wa mtaa kuchora. Kwa kuwa hawakuwa na jumba, walichora kwenye kuta za barabarani. Na kwa kuwa kando ya kuta hizo palikuwa na majaa, ilibidi waanze kwa kuzoa takataka. Vyuma chakavu vikageuzwa sanamu. Baadaye wakalikodolea macho tangi kuu la maji lililojengwa zamani kwa ajili ya magari-moshi ya mvuke, ambalo lilikuwa limejaa uchafu wa miaka mingi. Walilisafisha kwa majembe na ndoo, wakalifanya kituo cha jamii chenye ukumbi wa maonyesho na muziki. Sehemu ya kile wanachokipata wasanii kwa kuwauzia wageni hurudi kwenye mradi. Baadhi ya wahakiki wameudhihaki mpango huu kwa kuutegemea mno utalii, na utalii ulipokatika mwaka 2020 kwa ajili ya korona dhihaka hiyo ilipata nguvu. Lakini sijamsikia mhakiki aliyewahi kuonyesha mfuko mwingine.

Mnamo Januari 27, 2019, kimbunga kikali kiliikumba Havana na kuangusha nyumba nyingi katika sehemu za Regla, Guanabacoa na 10 de Octubre, wilaya ambamo Lawton imo. Intaneti ya simu ilikuwa imeruhusiwa mwezi mmoja na ushei tu kabla ya hapo. Vijana waliitumia kuitana, wakabeba maji, nguo na chakula, wakavigawa nyumba kwa nyumba bila kungoja amri. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wao kutambua kwamba walikuwa wengi.

Miaka miwili baadaye, Julai 11, 2021, maelfu waliandamana katika miji ya Kuba wakilalamikia njaa, kukatika kwa umeme na ukosefu wa uhuru. Kesho yake La Güinera, ile ile ya tuzo ya 1995, iliingia barabarani, na mwanamume mmoja akauawa kwa risasi ya polisi. Wakazi wengi wa huko walifungwa jela kwa miaka mingi. Kisha serikali ikatangaza kwamba itaikarabati mitaa zaidi ya 60 ya Havana iliyo rahisi kudhurika. Lami ikamwagwa, taa zikafungwa, kuta zikapakwa rangi. Sidharau lami, anayeidharau hajatembea kwenye tope. Ninachohoji ni mfuatano wa mambo. Mtaa uliokuwa na warsha tangu 1988, wenye watu waliozoea kupanga matatizo yao kwa uzito, ulipata ukarabati baada ya kupiga kelele barabarani, ilhali orodha zao zilikuwapo ofisini miaka yote hiyo.

Tangu wakati huo mambo yamezidi kuwa mazito. Wakuba, waliokuwa zaidi ya milioni 11 mwaka 2020, walikuwa chini ya milioni 10 kufikia mwisho wa 2024 kwa hesabu za serikali yao wenyewe, na waliohama zaidi ni vijana: yaani fundi, mwezeshaji, na mtoto aliyefundishwa kuchora kwenye ukuta wa Lawton. Papo hapo watu wa mikoa ya mashariki wanaendelea kuingia Havana. Amri ya 217 ya mwaka 1997 ilizuia uhamiaji wa aina hiyo bila kibali, na asiye na anwani halali hakuweza kupata kitabu cha mgao wa chakula jijini. Wenyeji huwaita wageni hao ‘palestinos’, Wapalestina, watu wasio na kwao. Wengi wao wanakaa katika zile ‘fika uweke’, na ndio watakaoketi kwenye kikao kijacho cha mtaa, ikiwa kitaitishwa.