Vitamini D na Kumbukumbu za Wazee: Je, Jua la Kanda ya Ziwa Linatosha?

Jiji la Mwanza liko takriban nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Jua huwaka karibu mwaka mzima, na wakazi wengi wa ufuo wa Ziwa Victoria hufanya kazi nje: kuvua, kuanika dagaa, kulima na kuuza sokoni. Ndiyo maana ni rahisi kudhani kwamba upungufu wa vitamini D ni tatizo la nchi za baridi pekee. Kwa upande mwingine, zipo familia zinazonunua vidonge vya vitamini hiyo kwa matumaini kwamba vitamrudishia mzee kumbukumbu. Dhana zote mbili zinahitaji kuchunguzwa.

Vitamini D huanza kutengenezwa katika ngozi inapopigwa na miale ya jua ya urujuanimno. Kutoka hapo hupelekwa kwenye ini, kisha kwenye figo, ambako hupata umbo linalofanya kazi mwilini. Kazi yake inayojulikana zaidi ni kuusaidia mwili kufyonza madini ya kalsiamu ili mifupa na misuli viwe imara. Ubongo nao una vipokezi vya vitamini hii, na hilo ndilo lililowafanya wanasayansi waulize kama inahusika na kumbukumbu.

Kuhusu jua, ushahidi mzuri umetoka hapa nchini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamaasai na Wahadzabe 60 wanaoishi maisha ya jadi. Wastani wa vitamini D katika damu yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya nanomoli 50 ambazo wataalamu wengi huziona kuwa zinatosha. Hata hivyo, hao walikuwa watu wanaoshinda nje na wengi wao hawakuwa wazee. Ngozi ya mtu wa miaka 70 au zaidi hutengeneza chini ya nusu ya vitamini ambayo ngozi ya kijana hutengeneza kwa jua lilelile. Mzee mwenye maumivu ya magoti au aliyepooza, anayeshinda chumbani, anaweza kupungukiwa hata kama nyumba yake iko ufukweni.

Je, upungufu huo huleta demenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu na fikra? Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya wazee 1,658 wa Marekani waliofuatiliwa kwa wastani wa zaidi ya miaka mitano. Wale waliokuwa na kiwango cha chini ya nanomoli 25 walipata demenshia kwa takriban mara mbili zaidi ya wale waliokuwa na kiwango cha kutosha. Lakini mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kwamba moja limezaa jingine. Mtu anayeanza kupoteza kumbukumbu huacha kutoka, hula kidogo na hulikosa jua, na hivyo huenda ni ugonjwa unaoshusha vitamini.

Njia ya kutatua utata huo ni kuwapa watu vidonge kwa kura. Utafiti wa nchi tano za Ulaya uliochapishwa mwaka 2020 uliwahusisha wazee 2,157 wa miaka 70 na zaidi. Waliopewa yuniti 2,000 za vitamini D kila siku kwa miaka mitatu hawakuonyesha uwezo bora wa kufikiri kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Ni kweli kwamba wengi wao hawakuwa na upungufu mkubwa tangu mwanzo. Hata hivyo, kwa sasa hakuna msingi wa kuuza vitamini D kama tiba au kinga ya demenshia.

Hii haina maana kwamba upungufu upuuzwe. Mzee asiyetoka ndani, mwenye ugonjwa wa figo au ini, au anayetumia rifampisini au baadhi ya dawa za kifafa, anastahili kuangaliwa, hasa akiwa na maumivu ya mifupa, udhaifu wa mapaja au kuanguka mara kwa mara. Kiasi cha kawaida kinachopendekezwa kwa aliyezidi miaka 70 ni yuniti 800 kwa siku, pamoja na kile kitokacho kwenye chakula. Kuzidisha ni hatari: kalsiamu hupanda katika damu na kuleta kiu, kufunga choo, madhara ya figo na hata kuchanganyikiwa, yaani dalili ileile ambayo familia ilitaka kuiondoa.

Katika Kanda ya Ziwa suala hili lina uzito wa pekee. Wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu, ambayo mara nyingi hutokana na moshi wa kuni, yamechukuliwa kuwa ushahidi. Bibi anayetangatanga usiku au kusema maneno yasiyoeleweka anaweza kuingizwa katika tuhuma hizo, ilhali ni mgonjwa. Utafiti uliofanyika wilayani Hai mwaka 2010 ulikadiria kwamba takriban wazee 6 katika kila 100 wa miaka 70 na zaidi wana demenshia. Huu ni ugonjwa uliopo katika jamii zetu, na una jina.

Kwa hiyo mzee anayesahau apelekwe kituo cha afya kabla ya duka la dawa. Mhudumu aulize mabadiliko yalianza lini: yaliyotokea kwa siku chache huashiria maambukizi, malaria au madhara ya dawa, na yanahitaji matibabu ya haraka. Apime shinikizo la damu na sukari, achunguze usikivu, macho na dalili za sonona, na afikirie VVU, kaswende, upungufu wa vitamini B12 na matatizo ya tezi ya shingo. Ripoti ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya demenshia duniani inahusiana na mambo yanayoweza kurekebishwa, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, uziwi na upweke. Vitamini D haimo katika orodha hiyo.

Kumtoa mzee nje asubuhi, kutembea naye hadi kwa jirani na kumpa samaki katika mlo wake ni mambo mema. Jua litasaidia mifupa yake, na mwendo pamoja na mazungumzo vitausaidia ubongo.