Msumbiji na Siku Zake Mbili
Msumbiji huvikumbuka vita vyake kwa siku mbili. Tarehe 25 Septemba hukumbukwa shambulio la FRELIMO dhidi ya kituo cha Wareno huko Chai, jimboni Cabo Delgado, mwaka 1964. Tarehe 4 Oktoba hukumbukwa Mkataba wa Roma wa mwaka 1992, uliokomesha vita vya miaka 16 baina ya serikali na RENAMO.

Siku ya kwanza yamfunza askari kumkabili mkoloni. Ya pili yamfunza lililo gumu zaidi: kuvaa sare moja na yule aliyekuwa akimlenga bunduki, kama ilivyokuwa lilipoundwa jeshi la pamoja.

Mwaka 2017 mapigano yalizuka tena katika jimbo lile lile la Cabo Delgado. Taifa likikumbuka ushindi peke yake, hujua kuanza vita. Likikumbuka na suluhu, hujua pia kuvimaliza.