Mahitaji ya mtumiaji huanzia katika lugha yake

Juzi mwenzangu wa idara ya kompyuta alinialika darasani kwake. Somo lilikuwa uhandisi wa mahitaji, yaani kazi ya kumuuliza mtumiaji anachotaka, kukiandika na kukihakiki kabla programu haijaundwa. Nikajiuliza, mimi mtu wa lugha nitasema nini hapa?

Kumbe kulikuwa na kisa. Wanafunzi waliwaundia wafugaji programu ya kuwakumbusha kupeleka maziwa barabarani. Mfugaji alitaka ujumbe umfikie saa kumi na moja alfajiri. Mwanafunzi akaandika "saa 11" tu. Mwenzake, ambaye hakufika kijijini, akaiagiza kompyuta itume ujumbe saa 11:00. Siku ya majaribio, ujumbe uliingia lori lilishapita kitambo. Maziwa yakaharibika.

Kiswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Kompyuta huanza usiku wa manane. Saa kumi na moja ya mfugaji ni 05:00. Hakuna aliyekosea hesabu. Kilichopotea ni maana.

Ndiposa nashikilia kwamba somo hili lisifundishwe kwa michoro na Kiingereza pekee. Mwanafunzi amrudie msemaji, amsomee alichoandika kwa lugha yake, kisha amuulize: "Mzee, ndivyo ulivyosema?"