Leseni ya Mtambo Isingoje Intaneti

Wakazi wa Unguja hawajasahau mwaka 2008, umeme ulipokatika kwa karibu mwezi mzima, wala kipindi cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, giza lilipotanda kwa miezi mitatu. Pampu za maji nazo zilikosa nguvu, watu wakahangaika na ndoo na madumu. Mara zile tulishindwa na waya upitao chini ya bahari. Lipo jambo jingine, dogo kuliko waya, liwezalo kututia katika dhiki, nalo tunapenda kuwakumbusha wakubwa wanaotia saini mikataba ya ununuzi.

Mitambo ya umeme na maji siku hizi huongozwa na kompyuta. Mafundi wenye busara huutenga mtandao wa kompyuta hizo na intaneti, kusudi mhalifu aliye ng'ambo asipate njia ya kuzima swichi za umma. Kujitenga huko si ushamba. Huko Ukraine, Disemba 2015, wahalifu waliingia katika kompyuta za makampuni ya umeme wakawazimia taa wateja zaidi ya laki mbili.

Lakini programu za kuongozea mitambo haziuzwi kama jembe. Mnunuzi hupewa leseni, na aghalabu leseni hiyo hufungamanishwa na kompyuta moja tu kwa alama zake za ndani. Kompyuta ikiungua kwa radi, au ikiliwa na hewa ya chumvi ambayo sisi wa visiwani twaijua, kompyuta mpya haitambuliwi. Fundi hana budi kutoa namba ya maombi, kuipeleka kwenye kompyuta nyingine yenye intaneti, kuituma kwa mwuzaji, kisha kurejea na namba ya majibu. Mwuzaji akiwa mapumzikoni, tungoje. Zipo na leseni za kero zaidi, zinazotaka kumbishia hodi mwenye programu kila baada ya muda, zisipoitikiwa, hugoma.

Haki isemwe: pampu huenda isisimame, kwani kifaa kinachoiendesha pale kisimani huwa na maagizo yake chenyewe. Kinachopotea ni macho ya msimamizi. Hajui tangi limejaa au limekauka mpaka amtume mtu kwa baiskeli.

Hapo ndipo huja kishawishi cha kuuunganisha mtandao na intaneti "kwa dakika tano tu". Kisikubaliwe. Hata flashi ya kubebea namba yataka hadhari: kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kilienea kwa flashi, nacho kililenga mitambo ya nyuklia ya Natanz, Iran, iliyokuwa imetengwa na intaneti. Flashi ya kazi hiyo iwe moja, ikaguliwe kila mara, wala isitiwe nyimbo za harusi.

Basi zabuni zitakapotangazwa, masharti yataje leseni isiyokwisha muda, ufunguo wa kuchomeka pamoja na wa akiba, na haki ya kuihamishia leseni kwenye kompyuta nyingine bila kuomba ruhusa ng'ambo. Huenda bei ikapanda; na ipande. Na siku ya kukabidhiwa mtambo, kabla ya hotuba na soda, kompyuta moja iondolewe mezani, na fundi wetu wa hapa hapa aifufue kazi yake kwenye nyingine, mwuzaji akiwa ameketi anatazama.