Fahamu: Je, zebaki ya machimboni husababisha Down sindromu?

Kwenye mialo ya Geita dhahabu huchenjuliwa kwa zebaki, sumu inayoweza kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Lakini haijathibitika kuwa huleta Down sindromu. Tangu 1959 inajulikana kuwa chanzo ni kromosomu ya 21 iliyozidi. Mara nyingi mtoto huwa na kromosomu 47 badala ya 46. Uwezekano hupanda mama akipita miaka 35, ingawa hata mama wa miaka 20 anaweza kupata mtoto mwenye hali hii. Baba anayemlaumu mkewe na kuhamia machimbo mengine hana hoja. La haraka ni kupima moyo wa mtoto: karibu nusu ya watoto wenye hali hii huzaliwa na hitilafu ya moyo. Familia ya Geita au Shinyanga iombe mapema rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, hata kama mtoto ananyonya vizuri.